Mzazi Aliyekuja Bila Mtoto

Nyamiaga, Ngara
4 Agosti 2025

Mdogo wangu Fabiani,

Usishangae kupata barua ya karatasi kwa mkono wa Evaristi kondakta. Kuanzia leo usinipigie simu kuhusu kazi ya kuandikishia chuo wanafunzi, na kwenye kundi la simu la ninyi wawakilishi wa chuo usiandike neno zaidi ya "nimepokea". Ofisi imeweka laini moja tu ya kuongea na ninyi mlioko vijijini, na kila kinachosemwa humo kinarekodiwa. Mimi afisa udahili, niliyewafundisha ninyi wote sheria za kuandikisha wanafunzi, naogopa kumsalimia mdogo wangu kwa simu.

Unajua yametoka wapi. Ni yale ya mwakilishi mwenzako William. Aliandikisha watoto kwa mwongozo uliokwisha kubadilishwa, akidhani bado ni ule ule. Hakuwa mwizi, alichelewa tu kupata habari. Watoto walisoma hadi mwaka wa pili ndipo wakaambiwa sifa zao hazitoshi, warudi makwao. Wazazi walimfuata nyumbani wakamwita tapeli mbele ya wanawe, na polisi wakaja kumchukua. Ameachiwa, lakini si yule William. Nilienda kumwona wiki iliyopita. Aliposikia hodi alijifungia chumbani mpaka nilipotaja jina langu.

Kwa hiyo tumeletewa mratibu mpya, anaitwa Derick. Ni kijana mpole, hapandishi sauti, na kila mtu ofisini anamwogopa. Amesema kila waraka mpya utasomwa kwenye kikao cha simu, na kila mwakilishi ataurudia kwa mdomo wake huku mashine inanasa. Ukibabaika mara mbili unatolewa. Wewe mwaka jana ulibabaika kwenye mafunzo, na ipo kwenye faili lako. Pia mwakilishi haruhusiwi kumfuata mzazi kwake. Mzazi aje mwenyewe, aulize mwenyewe, kwa sababu wengine walikuwa wanazunguka kwenye miji ya watu kama wauza dawa.

Sasa nisikilize. Kuna waraka umeingia. Mtoto aliyefanya mtihani wa kidato cha nne halafu akarisiti, yaani akarudia somo alilokosa, mwaka huu anaruhusiwa kuunganisha vyeti vyote viwili kupata sifa za kujiunga. Ni kwa dirisha hili la maombi tu, linalofungwa Ijumaa tarehe 29. Utasomwa kwenye kikao cha simu tarehe 18, na kabla ya hapo ni marufuku kuutaja. Ofisini tumeusoma watu watatu: mkuu wa chuo, Derick na mimi. Nakuambia wewe ili siku hiyo ulimi wako usikwame. Usimwambie mtu, na barua hii uichome.

Msalimie sana wifi yangu Kezia.

Dada yako,
Koleta


Nyamigogo, Biharamulo
7 Agosti 2025

Shikamoo dada,

Barua nimeipata na nimeichoma jikoni kwa Kezia, akaniuliza nani kafariki, maana siku hizi karatasi inayoletwa kwa mkono ni ya msiba. Nikamwambia bado.

Nimeukariri waraka wako. Kila asubuhi Kezia anachambua maharage hapa mbele ya duka, anajifanya mzazi, ananiuliza. "Mwanangu ana D ya baiolojia tu, je?" Namjibu. "Mwanangu amerisiti, je?" Namjibu kimoyomoyo, kwa sababu hilo hatujaruhusiwa. Halafu ananigeuzia kibao: "Mwanangu hajui kusoma ila ni mrefu, je?" Nacheka, halafu naanza kukariri upya. Juzi mteja aliingia akasema tu "naulizia", nikadondosha kopo la mbegu, kumbe anaulizia dawa ya viwavi.

Wenzangu wa upande wa Biharamulo mjini wananong'ona kuwa Derick anatuma wazazi bandia. Eti mtu anakuja na shati lililochanika na viatu vya matope, anakuuliza maswali ya mzazi kabisa, unamjibu, kumbe anakupima. Ni kweli? Kama ni kweli, mimi nimekwisha. Wanaokuja dukani kwangu wote wana viatu vya matope. Nitamjuaje?

Labda ninyi wa ofisini mmekula kiapo, na siwezi kukulazimisha. Ila kumbuka nilivyo. Mtu akinitazama sana machoni nasahau hata jina la baba. Kazi hii ndiyo inayonishikilia hapa ugenini, duka la pembejeo peke yake ni la msimu. Unga ukimwagika, sitaogopa njaa kama nitakavyoogopa kuitwa tapeli na watu ninaosali nao.

Nidokeze tu. Hata nusu.

Mdogo wako,
Fabiani


Nyamiaga, Ngara
10 Agosti 2025

Fabiani,

Umeniweka pabaya. Barua yako nimeisoma chooni, mtu mzima mimi, kwa sababu Derick amehamishia meza yake karibu na yangu. Nikichapa karatasi anageuka kuangalia mashine imetoa ngapi.

Ni kweli, wapo. Waliniita nikasaini kwamba nikimtaja mpimaji kwa mwakilishi yeyote naondoka siku hiyo hiyo, na kwa kuwa wanajua una damu yangu, mkuu wa chuo alinitazama akikufikiria wewe. Kwa hiyo usiniulize tena.

Nitakufundisha kitu kimoja ambacho hakiko kwenye kiapo chochote. Mpimaji hakamati mtu kwa kutokujua. Anakamata mtu kwa kujifanya anajua. Ukiulizwa usichokuwa na uhakika nacho, au usichoruhusiwa, jibu ni moja: "Sijui, nitauliza ofisini, rudi siku fulani." Basi. Huyo mzazi awe wa kweli au wa bandia, umempa haki yake. Kezia akufundishe hilo kabla ya mengine yote.

Nimeanza kufunga bahasha nikaifungua tena. Najua hutalala. Haya: mzazi wa kweli huja na mtoto wake. Akija mtu kuulizia chuo bila mtoto, kaa vizuri kwenye kiti chako.

Sijakuambia kitu. Choma.

Koleta


Nyamigogo, Biharamulo
15 Agosti 2025

Shikamoo dada yangu mpenzi,

Amekuja.

Jumatano asubuhi, duka ndiyo kwanza linafunguliwa. Mzee mrefu, fimbo mkononi, kofia kaikunja kwapani. Hakununua kitu. Alisimama nje muda mrefu akisoma lile bango la chuo, kisha akaingia, akanisalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Nilipotazama nyuma yake kuona kama kuna mtoto, dada, hakukuwa na mtoto.

Akaanza kuuliza, na maswali yake si ya mzazi. Chuo kina usajili? Kimesajiliwa na nani? Wewe nani alikupa kazi? Ukifa leo, mtoto atamdai nani? Nilipomuuliza mtoto yuko wapi, akasema, "Mtoto yupo, mimi nimetangulia kusikia maneno." Nikajisemea, ni yeye huyu. Anaitwa Nshoma, au ndivyo alivyoambiwa aseme. Anadai amehamia bonde la chini, katokea Shinyanga, ana ng'ombe.

Halafu akatega mtego wenyewe. Akasema binti yake Limi alifanya mtihani wa kidato cha nne akakosa kemia, akarisiti akaipata, lakini iko kwenye cheti cha pili. Je, chuo kinapokea vyeti viwili? Dada, waraka ule ule wa siri, neno kwa neno! Nikijibu ndiyo, nimetaja waraka ambao haujasomwa, nawe umenaswa. Nikakaza uso nikamwambia, "Mzee, haiwezekani. Cheti kimoja tu. Mwongozo nilio nao hauruhusu." Nikamfungulia na mwongozo wa mwaka jana nikamwonyesha kwa kidole.

Akaniuliza, "Kabisa?" Nikasema, "Kabisa." Akavaa kofia yake akaondoka. Hakuaga. Nikamwambia Kezia tumepona.

Mambo mengine ni mazuri. Kesho yake alipita mama mmoja mcheshi, mwenye asili ya kwetu Ngara, na bintiye. Kezia alimpenda, wakachambua maharage pamoja. Binti naye karisiti, mama analia kwamba mtoto amekaa nyumbani mwaka mzima. Nilimwonea huruma nikamnong'oneza asubiri Jumatatu, kuna neno jema linakuja kuhusu vyeti viwili, aanze kuandaa nakala. Alishukuru sana. Huyo alikuja na mtoto, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Nakushukuru kwa kile ulichonidokeza. Umeniokoa.

Fabiani


Nyamiaga, Ngara
19 Agosti 2025

Fabiani,

Jana kwenye kikao cha simu nilikusikia ukiurudia waraka bila kukosea hata neno. Derick aliandika kitu. Kisha akaniambia kwa upole wake, "Mdogo wako safari hii amejiandaa kweli." Nikasema ndiyo.

Barua yako ya tarehe 15 nimeisoma mara nyingi na sijui nianzie wapi, kwa sababu kuna mambo siwezi kuyaandika. Nitaandika yale ninayoweza.

Nilikuambia useme "sijui, nitauliza ofisini". Kwa nini hukusema? Maneno matatu tu, Fabiani. Ungemwambia yule mzee arudi Jumatatu, leo usingekuwa na kosa kwake wala kwa mtu mwingine. Badala yake ulimwambia "kabisa". Ulijua si kweli, na ukamwonyesha hata kwa kidole.

Huyo mzee ni mzee tu. Soma hapo pole pole. Waraka umeshasomwa, una ruhusa ya kuutamka kwa mtu yeyote atakayefika dukani. Omba Mungu arudi. Na kama binti yake kweli ana vyeti viwili, dirisha ni hili, mwakani waraka huu haupo. Atakuwa amebaki na kemia yake mkononi isiyomfaa kitu.

Kuhusu yule mama mcheshi sina la kusema. Usimwongeleshe tena akija. Usimwongezee hata salamu.

Hapa ofisini kuna taarifa inasubiriwa kutoka Biharamulo. Sijui itasema nini. Nikisikia viatu kwenye korido nasimama bila sababu, kisha nakaa tena.

Koleta


Nyamigogo, Biharamulo
22 Agosti 2025

Shikamoo dada,

Barua yako imenitia hofu kuliko yule mzee. "Mzee ni mzee tu." Unamaanisha nini? Kezia anasema unamaanisha ni mzazi wa kweli. Mimi nasema unanionya kwamba mzee kama yule hatumwi kwa jambo dogo. Tumegombana mpaka tumelala mzungu wa nne.

Hajarudi. Kila pikipiki ikipunguza mwendo natoka nje kutazama. Nilimwambia kabisa, atarudi kufanya nini?

Sasa sikiliza kilichotokea jana. Kezia alikwenda mashine ya kusaga, akakutana na binti mmoja ana gunia la mahindi, akamsikia akiitwa Limi. Kezia bwana, akajisogeza. Binti akamwambia ni kweli alirisiti, alisoma kwa kukaa kwa mama yake mdogo Biharamulo mjini, akaipata kemia. Alisema alikuwa anataka uuguzi. Alisema "nilikuwa nataka", dada, kama mtu anayesimulia ya zamani. Baba yake alirudi kutoka dukani akamwambia wamekataa, basi akaviweka vyeti kwenye sanduku la mama yake, na mwezi ujao anaenda Geita kukaa kwa shangazi yake auze chakula machimboni. Kezia amerudi analia. Ananiambia mpimaji gani anasagisha mahindi ya bintiye?

Nami nikamjibu, hao watu wanaweza kupanga lolote. Wamenijua mimi ni mwepesi wa huruma. Mzee anakuja, namkatalia, halafu wananiletea binti wa kutia huruma mashineni ili nimfuate kwao. Na kumfuata mzazi kwake ni marufuku, ndivyo ulivyoniandikia mwenyewe. Nikifika tu pale, nimejinyonga. Na nikimwambia "nilijua siku ile nikakudanganya", nimekunyonga na wewe, kwa sababu nilijuaje?

Kezia hanitaki. Anachambua maharage amenipa mgongo. Haniulizi tena maswali ya mzazi.

Dada, sitaki jina. Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana. Nshoma ni wao? Ukiandika hapana nitakwenda kwa miguu sasa hivi. Ukiniachia hivi hivi, naogopa nitakaa kwenye kiti hiki mpaka Ijumaa ipite, na ninajijua, nitajiambia kwamba sikuwa na jinsi.

Fabiani


Nyamiaga, Ngara
24 Agosti 2025

Fabiani,

Hapana. Nshoma si wao.

Mpimaji ni yule mama mcheshi. Anaitwa Restuta. Mpango ulikuwa aende peke yake, ndiyo maana nilikuandikia vile. Dakika ya mwisho akaomba binti wa dada yake amsindikize, na mimi sikuambiwa. Nilijua siku alipopita ofisini amemshika binti mkono, na barua yako ilikuwa bado njiani. Nimekaa na jambo hili kifuani wiki nzima. Nilishika kalamu nikaandika "mzee ni mzee tu" kama mtu anayeogopa kivuli chake. Mimi ndiye niliyekuharibia. Ningenyamaza kimya, ungempokea mzee yule kama unavyowapokea wote, ungemwambia lete vyeti tutaangalia.

Sasa nenda. Wakija kuniuliza, nitajua la kusema. Dirisha linafungwa Ijumaa, maombi yanatumwa mtandaoni, na mtandao wa steshenari za huko naujua ulivyo. Usisubiri Alhamisi.

Evaristi hasafiri leo Jumapili. Ataipeleka kesho, wewe utaipata Jumanne. Nimeomba isichelewe zaidi ya hapo.

Koleta


Nyamigogo, Biharamulo
26 Agosti 2025

Shikamoo dada,

Evaristi amenipa barua yako leo mchana stendi ya Biharamulo mjini. Nimeisoma nimesimama, na Limi na baba yake wamekaa kwenye ngazi za steshenari wanakula mihogo ya kukaanga. Nilikwenda kwao jana.

Nikuambie ilivyokuwa. Jumapili kanisani nilishindwa kusali. Jumatatu asubuhi nilifungua duka, nikasogeza benchi nje, na benchi lile lilinishinda kulitazama. Nikamwambia Kezia, "Nakwenda bonde la chini." Akaniuliza, "Dada amejibu?" Nikamwambia bado. Akaniletea viatu. Njia nzima nilikuwa na hakika mzee ndiye mpimaji, dada. Nilishaanza kupanga nitakavyomwambia Derick, na nitakavyorudi Mugoma nyumbani kwa baba na watu watakavyonipisha njiani. Mara mbili nilisimama nikageuka. Mara ya pili kulikuwa na mtoto anachunga mbuzi akanicheka, ndiyo nikaendelea.

Mzee alikuwa anafunga zizi. Aliponiona alishika fimbo yake vizuri. Sikungoja kukaribishwa, nilijua nikikaa chini sitasema. Nilimwambia, "Shikamoo mzee. Mimi ni yule wa chuo. Nilikudanganya. Vyeti viwili vinapokelewa, mwisho Ijumaa hii, na siku ulipokuja nilikuwa najua."

Aliacha kufunga zizi. Ng'ombe walikuwa wanasukumana mlangoni na yeye hakuwatazama. Kisha akaniuliza, "Kwa nini?" Nikamwambia, "Nilikuogopa." Akasema, "Mimi?" Nikamwambia nilidhani ametumwa kunipima. Kwanza hakuelewa, nikarudia. Akakaa juu ya gogo, akasema, "Na mimi nilikuogopa wewe." Jirani yake mwaka jana alichukuliwa mtoto na mtu wa chuo ambacho hakipo, kijana msafi mwenye mwongozo mzuri kama wangu. Ndiyo maana alikuja peke yake. Alitaka kunisikia maneno kabla sijamwona mtoto. Nilipomwambia "kabisa" alifurahi kidogo, alisema, maana tapeli hakatai mtu. Aliamini chuo ni cha kweli kwa sababu nilimkataa.

Limi alikuwa nyuma ya nyumba anasikia yote. Alitoka na lile sanduku la mama yake amelibeba zima, hakungoja kufungua na kutoa vyeti.

Leo tumejaza. Mtandao umekatika, ukarudi, ukakatika tena wakati wa kupakia cheti cha pili, na Limi akawa anaitazama ile skrini huku ameshika mkono wa baba yake. Imekubali saa tisa. Pale panapouliza mwakilishi aliyemwelekeza nimeandika jina langu na namba yangu. Yule wa steshenari akaniuliza kama ni lazima, nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo kuhusu yule Restuta, sawa. Nimesoma. Nilidhani nitaanguka nikijua, lakini nilikuwa nimeshamaliza kuogopa kote nilikoweza. Kilichobaki ninaogopa kwa ajili yako. Ukiitwa, sema mdogo wako alisikia kwa watu. Sema nilibahatisha. Mimi nitakubali chochote utakachosema.

Kezia anakusalimu. Ameanza tena kuniuliza maswali.

Fabiani


Nyamiaga, Ngara
30 Septemba 2025

Mdogo wangu Fabiani,

Barua yako ya kusimamishwa utakuwa umeipata. Kwamba ni msimu mmoja na si moja kwa moja, ni Derick aliyepigania, sikutegemea. Yangu nimepewa mkononi. Leo nakabidhi funguo na kesho siji.

Sikusema kwamba ulibahatisha. Waliniweka kwenye kiti, Restuta akasoma taarifa yake, na ilikuwa ya haki, alisema hata jinsi ulivyomwonea huruma. Mkuu akauliza, huyu mwakilishi aliujuaje waraka kabla ya tarehe 18? Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, ningeweza kuyasema na wangeyaamini. Nikafungua mdomo, nikakuona unageuka njiani mara mbili halafu unaendelea, nikasema, "Ni mimi niliyemwambia. Na ni mimi niliyemdokeza kuhusu mpimaji, akamkataa mzazi wa kweli." Niliogopa mpaka mwisho, usidhani dada yako amekuwa shujaa.

Lakini sikuandikii kwa hilo. Nakuandikia kwa kilichotokea leo asubuhi.

Ni siku ya kuripoti wanafunzi wapya. Nilikuwa nimekaa pembeni na boksi la vitu vyangu, nasubiri mtu wa kupokea funguo. Akaingia mzee mrefu, fimbo mkononi, kofia kwapani. Peke yake. Akasimama katikati ya ofisi akatazama kuta, akasoma cheti cha usajili kilichotundikwa, chote, mpaka chini. Ungeiona ofisi. Yule binti wa mapokezi alikaa wima kama yuko kanisani. Mwingine akafungua mwongozo haraka akaanza kumsomea sifa za kujiunga kutoka ukurasa wa kwanza, sauti inatetemeka. Hata Derick alisimama akafunga kifungo cha koti. Hakuna aliyemwambia karibu mzee. Wote walikuwa wanamwogopa, na yeye alikuwa ameshika fimbo yake vizuri, kama ulivyoniandikia.

Mimi sina kazi tena pale, kwa hiyo nilikuwa mtu pekee ndani ya chumba asiye na cha kupimwa. Niliinuka nikamwendea, nikamwambia, "Shikamoo mzee. Mtoto yuko wapi?"

Akaishusha fimbo. Akasema, "Marahaba. Yupo getini na sanduku. Nimetangulia kusikia maneno."

Nikamwambia, "Hakuna maneno zaidi, mzee. Mwite aingie."

Dada yako,
Koleta